Wiki ya 41: Nani Alisema Saa ya Mtoto Kutoka Imefika?

Nimefika ule umri ambao marafiki zangu wameacha kuongea kuhusu mitihani na wameanza kuongea kuhusu kliniki. Na kila mmoja akikaribia kujifungua, stori inaishia kwa swali moja. Tarehe iliyoandikwa kwa kijitabu imepita, mtoto bado yuko ndani anapiga mateke, na daktari anasema, "Kesho kuja tukuanzishie uchungu." Nyumbani shosh anasema ngoja. Anti ambaye ni nesi anasema enda. Huko mtandaoni kuna mama mmoja anakuambia mwili wako unajua kazi yake, na mwingine anakuambia ukingoja siku moja zaidi utazika. Sasa ukubali ama usukume mbele?

Mimi si daktari, wasee. Mimi ni mtu wa historia, na nikiona ubishi ambao pande zote zinaapa ziko sawa, huwa naenda kuangalia ulianzia wapi. Huu una zaidi ya miaka 260. Maoni yangu nayaweka hapa mapema, ili kama unataka kunitukana uanze sasa: hii vita ya "asili" dhidi ya "madaktari" ni ya uongo. Kungoja kumeua watu. Kuharakisha pia kumeua watu. Na mara nyingi kilichoamua nani yuko sawa ni hesabu ya tarehe, kitu ambacho hakuna mtu huuliza.

Tuanze London, mwaka wa 1756. Wakati huo mwanamke mwenye nyonga nyembamba, mara nyingi kwa sababu aliugua matege akiwa mtoto, alikuwa na njia mbili tu mtoto akikwama, na zote ni za kutisha. Mtoto alivunjwavunjwa ndani ya tumbo ili mama apone, ama mama alipasuliwa, na enzi hizo kupasuliwa ilikuwa karibu sawa na kuhukumiwa kifo. Madaktari wakubwa wa jiji wakakaa chini wakajiuliza: je, tukimtoa mtoto mapema, kabla hajawa mkubwa, si wote wawili wanaweza kuishi? Na je, ni halali? Walikubali kwamba ni halali na ina faida. Njia yenyewe ilikuwa kupasua chupa ya maji kwa mkono ama kwa chombo, kisha kusubiri uchungu uanze.

Aliyetuandikia habari za mkutano huo ni daktari anaitwa Thomas Denman. Mshike huyo jamaa, anarudi sasa hivi. Kwa sababu Denman huyohuyo ndiye aliyefundisha kizazi kizima cha madaktari wa Uingereza kuwa wapole. Alikuwa ameona koleo za kuzalisha zikitumiwa ovyo, zikirarua akina mama, na akasisitiza kwamba uzazi mwingi ukiachwa utajimaliza wenyewe. Lilikuwa funzo zuri. Lakini mwanafunzi akilishika kupita kiasi linageuka kuwa kitu kingine.

Binti ya Denman aliolewa na daktari anaitwa Richard Croft. Mwaka wa 1817 Croft akapewa kazi kubwa kuliko zote nchini: kumzalisha Princess Charlotte, mjukuu wa pekee wa halali wa Mfalme George wa Tatu. Taifa zima lilikuwa linangoja huyo mtoto. Alitarajiwa karibu tarehe 19 Oktoba. Oktoba ikaisha. Uchungu ulianza usiku wa tarehe 3 Novemba, wiki mbili baadaye, na ukaenda karibu saa 50. Croft alikuwa na koleo karibu lakini hakuzitumia. Alingoja, kama alivyofundishwa na baba mkwe wake. Mtoto wa kiume, mkubwa, alizaliwa tarehe 5 usiku akiwa amekufa. Saa chache baadaye Charlotte naye akafa, akiwa na miaka 21. Februari iliyofuata, Croft akajiua kwa bunduki.

Wanahistoria bado wanabishana kama koleo zingemwokoa. Wengine wanasema alitokwa na damu nyingi, wengine wana nadharia nyingine. Sitajifanya najua. Lakini baada ya kifo chake, akina mama na madaktari wengi Uingereza waliacha kuamini kwamba kungoja ndiyo njia ya upole kila wakati.

Na usidhani hii ni stori ya wazungu tu. Charlotte alipokufa, kiti cha ufalme kikabaki bila mrithi wa kizazi chake, na wajomba zake wakaanza mbio za kuoa. Mmoja wao alioa mwaka wa 1818, na Mei 1819 akapata binti anaitwa Victoria. Ndiyo, huyo. Ambaye Speke alimpa jina la ziwa letu mwaka wa 1858, kana kwamba watu wa hapo hawakuwa na majina yao. Ambaye chini ya taji lake Uingereza ilitangaza himaya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1895. Ukiwa Kisumu jioni unakula samaki, ujue jina lililo kwenye ramani liko hapo kwa sababu mwanamke mwingine hakutoka salama kwenye chumba cha kuzalia.

Sasa upande wa pili, wale wa haraka. Huko Marekani, daktari wa jimbo la New York anaitwa John Stearns aliandika mwaka wa 1808 akisifu ukungu unaoota kwenye nafaka ya rai. Wakunga walikuwa wakiujua tayari. Ukimpa mama unga wake, kizazi kinabana kwa nguvu na mtoto anatoka haraka. Moja ya faida alizotaja, na hii inanichekesha na kuniudhi kwa pamoja, ni kwamba unamwokolea daktari muda. Kufikia miaka ya 1820 daktari mwenzake, David Hosack, alikuwa akionya kwamba watoto wengi wanazaliwa wamekufa na kwamba huo unga uitwe unga wa kifo. Kizazi kilikuwa kinabana bila kuachilia, mtoto anakosa hewa. Hiyo hatari haijaisha. Dawa za leo ni salama zaidi kwa sababu unaweza kupima kipimo chake na kuna mtu anasikiliza moyo wa mtoto. Ukiondoa huyo mtu, umerudi 1820.

Lakini tuje kwa tarehe, kwa sababu hapa ndipo watu wanachezewa.

Ile siku ya kujifungua kwenye kijitabu chako cha Mama na Mtoto inatokana na kanuni iliyopewa jina la profesa mmoja wa Heidelberg, Ujerumani, Franz Karl Naegele, mwanzoni mwa karne ya 19. Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Ilianza tarehe 10 Machi? Basi ni 17 Desemba. Siku 280, wiki 40. Rahisi hadi mtu anaweza kuihesabu kwa vidole kwa foleni ya kliniki.

Shida ni kwamba hiyo hesabu inachukulia mzunguko wako ni siku 28 na yai lako lilitoka siku ya 14, kila mwezi, kama mshahara wa serikali (ule wa zamani). Ni kama mtoto 1 tu kati ya 20 anayezaliwa siku hiyo yenyewe. Mwaka wa 1990 watafiti wa Boston waliangalia wanawake weupe waliokuwa na mimba ya kwanza bila shida yoyote, wakakuta kwamba nusu yao walikuwa bado hawajajifungua siku 8 baada ya tarehe ya Naegele. Kwa hivyo "umepitisha" ni neno zito kuliko hesabu iliyo nyuma yake.

Mwaka jana binamu yangu alikuwa kwenye hiyo hali kabisa. Alikuwa amekaa kwa sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi 3, na baada ya kuiacha hedhi yake ikawa inakuja ikitaka. Ukitoka kwa hiyo sindano mwili unaweza kuchukua miezi mingi kurudi kwa ratiba yake, kwa hivyo tarehe ya hedhi ya mwisho haikuambii sana. Kijitabu kilisema ana wiki 41 na siku 3. Akaambiwa alazwe. Lakini yeye alikuwa amepigwa picha ya tumbo akiwa na wiki kama 10, na kwa hesabu ya hiyo picha alikuwa na wiki 39 na siku 5. Tofauti ya siku 12! Hakuna mtu alikuwa ameweka hizo karatasi mbili kando kwa kando hadi yeye mwenyewe alipozitoa kwa bahasha na kuuliza, "Sista, tunatumia gani?"

Walitumia ya picha, na walikuwa sawa. Picha za tumbo zilianzia Glasgow, ambako Ian Donald alichapisha kazi yake mwaka wa 1958, na hapohapo Glasgow mwaka wa 1973 Hugh Robinson akaonyesha kwamba ukimpima kijusi kutoka kichwa hadi matako katika miezi 3 ya kwanza, unapata umri wake na kukosea kwa siku chache tu. Sababu ni rahisi: wakati huo watoto wote wanakua karibu sawa. Baadaye kila mmoja anachukua umbo la ukoo wake, na kipimo hakitabiri tena.

Binamu alingoja. Lakini kungoja kwake hakukuwa kukaa kwa kochi na kula nanasi. Alirudi kupimwa presha, moyo wa mtoto na maji, na alihesabu mtoto akicheza kila siku. Siku 9 zikapita bila uchungu. Alipofika wiki 41 kamili kwa hesabu ya picha, alikubali kuanzishiwa. Ilichukua saa 26 na alijifungua kawaida. Shosh hadi leo anasema angengoja kidogo tu.

Tukirudi kwa dawa, kuna kipande cha historia ambacho kinafaa kuwa kwa vitabu vyetu vya shule na hakipo. Mwaka wa 1906 Mwingereza Henry Dale aligundua kwamba maji ya tezi fulani ndogo chini ya ubongo yanafanya kizazi kibane. Mwaka wa 1953 Vincent du Vigneaud akatengeneza hiyo homoni, oksitosini, kwenye maabara huko New York, na mwaka wa 1955 akapewa tuzo ya Nobel. Hiyo ndiyo dripu unayoijua. Lakini dripu ina kasoro: shingo ya kizazi ikiwa bado ngumu na imefungwa, oksitosini inaleta maumivu mengi na mafanikio kidogo. Mwaka wa 1964 daktari wa Philadelphia, Edward Bishop, alitunga alama za kupima hilo. Imefunguka kiasi gani, imelainika, imefupika, iko wapi, kichwa cha mtoto kimeshuka? Jumla ni alama 13. Hadi leo ukipimwa kabla ya kuanzishiwa, hiyo ndiyo wanaangalia, na una haki ya kuuliza umepata ngapi.

Je, nani alionyesha njia ya kuanzisha uchungu kwa dawa tofauti na hiyo? Makerere, bana. Kampala. Mwaka wa 1968, wakati Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa bado vyuo vya chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, Sultan Karim na wenzake wa Makerere walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo ya kuanzisha uchungu kwa prostaglandini, kemikali ambazo mwili hutengeneza wenyewe. Ziko hata kwenye shahawa, ndiyo maana kila anti ana ule ushauri wake wa kunong'ona kuhusu wiki ya mwisho. (Utafiti haujathibitisha kwamba unafanya kazi. Endeleeni tu.) Dawa za jamii hiyo ndizo sasa hulainisha shingo ya kizazi duniani kote. Kwa hivyo mtu akikuambia kuanzishiwa uchungu ni mambo ya wazungu, mwambie baadhi ya wanawake wa kwanza kabisa kuanzishiwa kwa dawa hizo walikuwa Kampala. Na hao wanawake, ambao miili yao ndiyo ilijibu swali, hakuna mtu aliwahi kutaja majina yao.

Baada ya hapo, Uingereza ikaingia wazimu wa haraka tena. Kulikuwa na dawa, kulikuwa na mashine za kupima matone, na kufikia 1974 karibu asilimia 40 ya uzazi Uingereza na Wales ulikuwa wa kuanzishiwa. Wanawake walianza kuuliza mbona watoto wanapenda kuzaliwa saa za kazi. Mwandishi Sheila Kitzinger alikusanya simulizi zao akazichapisha mwaka wa 1975. Wengi hawakuelezwa sababu, na uchungu wa dripu uliwapiga kama lori. Wengine watoto wao walitolewa kumbe hawajakomaa, kwa sababu tarehe ilikuwa imekosewa. Tarehe tena. Kelele zilifanya kazi, na kiwango kikashuka miaka iliyofuata. Mimi nawapenda hao wanawake. Lakini urithi wao umegeuzwa huku mitandaoni kuwa sheria kwamba kila kuanzishiwa ni dhuluma, na hawakusema hivyo.

Kwa sababu baadaye takwimu zilikuja, na hazikuunga mkono upande wowote kikamilifu. Canada, mwaka wa 1992, wanawake 3,407 waliopitisha wiki 41: walioanzishiwa walipasuliwa kidogo kuliko waliongoja wakichunguzwa. Hiyo iliwashangaza wengi, maana kila mtu alidhani kuanzishiwa ndiko kunaleta upasuaji. Sweden waliwagawa wanawake 2,760, wengine waanzishiwe wiki ya 41, wengine wangoje hadi 42. Walisimamisha utafiti katikati, kwa sababu upande wa kungoja watoto 6 walikuwa wamekufa na upande wa pili hakuna. Matokeo yalitoka 2019. Ila kuna kitu ndani yake ambacho sitaki ukose: Stockholm, ambako akina mama walipigwa picha kwa kawaida wiki ya 41, hakuna mtoto aliyekufa. Kungoja na kuchunguzwa si sawa na kungoja tu.

Je, hiyo inamaanisha mtoto wako atakufa ukingoja? Hapana. Mwaka wa 2020 tafiti 34 zilijumlishwa pamoja, na hesabu ikatoka hivi: unaanzishia wanawake 544 kuzuia kifo 1. Yaani 543 wangekuwa sawa tu. Mimi nikisoma hiyo namba naelewa shosh na naelewa daktari. Shosh amewaona hao 543. Daktari amembeba yule mmoja.

Kuhusu wiki ya 39, Marekani walijaribu pia, wanawake zaidi ya 6,000 wenye mimba ya kwanza isiyo na shida, na matokeo yakatoka 2018. Upasuaji ulishuka kutoka asilimia 22.2 hadi 18.6. Kwa usalama wa watoto, tofauti haikutosha kusema kuna faida ya uhakika. Kwa hivyo ukiambiwa uanzishiwe wiki ya 39 na presha yako iko sawa, sukari iko sawa, mtoto anakua na anacheza, hapo una nafasi kubwa ya kusema, "Naomba nifikirie." Na hizo zilikuwa hospitali ambazo mama ana mtu wa kumwangalia. Kwetu, nesi mmoja anaweza kuwa na wodi nzima usiku, na dripu ya kuhesabu matone kwa macho inataka mtu aliyekaa hapo. Kuuliza "usiku nani atakuwa ananiangalia?" si kiburi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuanzishia wanawake ambao inajulikana kwa uhakika wamefika wiki 41 kamili. Ona hayo maneno "kwa uhakika". Lakini presha ikiwa imepanda, chupa imepasuka na uchungu haujaja, ama mtoto amepunguza kucheza, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Hapo tarehe si mjadala tena, na mimi ningekuwa kwa gari saa hiyo.

Jambo lingine ambalo lazima niseme kwa sababu naona watu wakiulizana: tembe za misoprostoli. Zilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo na mara nyingi huja za maikrogramu 200. Kipimo cha kuanzisha uchungu ni 25, moja ya nane. Mwanamke aliyewahi kupasuliwa hapewi kabisa, kwa sababu kovu la kizazi linaweza kupasuka. Kwa hivyo rafiki wa rafiki mwenye kemisti, tafadhali, hapana.

Na wewe ambaye una wiki 8 sasa hivi na unasoma hii ukidhani bado haikuhusu, andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho mahali haitapotea, na kama uliacha sindano ama mzunguko wako hutangatanga, waambie siku ya kwanza ya kliniki. Omba picha mapema, na karatasi yake uiweke. Ile ya wiki ya 38 itakuonyesha mtoto amelalaje na maji yamebaki kiasi gani, lakini kwa swali la ana wiki ngapi, hiyo imeshachelewa.